Gogo la Askari na Gogo la Mpagazi

Atazamaye sanamu ya askari iliyochongwa kwa mti aghalabu huanza na kofia, akashuka usoni, akaishia kwenye bunduki. Lakini aliyeichonga alianza mbali na hapo, siku ile aliposimama kando ya mti uliolazwa, akaupima kwa shubiri, akaugonga kwa kisogo cha shoka ili asikie sauti yake, akajua, kabla hajaondoa hata kibanzi kimoja, kwamba gogo lile litakubali askari wa namna gani na litamkataa wa namna gani.

Nayaandika haya kwa kuwa habari za sanamu hizi zimezoeleka kuelezwa kwa upande wa soko, yaani nani aliuza na nani alinunua, wala si kwa upande wa mti wenyewe. Nami, kwa miaka niliyokaa baina ya Homa Bay na Migori, nikiingia katika karakana za maseremala na wachongaji kila nilipopata wasaa, nimesadiki kwamba mti una kauli yake katika tarehe hii, na kwamba kauli hiyo haipatani na matakwa ya soko. Soko limetaka askari mwenye bunduki. Mti wa huku ziwani, kwa unene wake, kwa nyuzi zake na kwa tabia yake ya kupasuka, umekuwa tayari zaidi kumtoa mtu mwingine kabisa, ambaye naye alikwenda vitani, ambaye wenzake walikufa kwa maelfu, na ambaye ni nadra mno kumkuta amechongwa.

Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka mwezi wa Agosti 1914, nchi iliyo kusini mwa Ghuba ya Winam, ambayo leo imegawanyika katika kaunti za Homa Bay na Migori, ilikuwa pamoja na nchi ya Wakisii katika wilaya iliyoitwa South Kavirondo, makao yake Kisii. Na kwa kuwa mpaka wa Waingereza na Wajerumani ulishuka ziwani karibu na Muhuru, watu wa Karungu na wa pande zote za Nyatike walijikuta jirani wa adui wa serikali iliyowatawala, ilhali upande wa pili wa mpaka, Shirati na kwingineko, waliishi watu wa lugha yao na wa damu yao. Mwezi uliofuata Wajerumani walivuka mpaka wakautwaa mji wa Kisii, na tarehe 12 Septemba askari wa Keya, maana ndivyo wenyeji walivyolitamka jina la King's African Rifles, wakapambana nao. Kapteni wao, Thorneycroft, aliuawa siku hiyo, na Wajerumani wakarudi walikotoka. Mapigano yale yalikwisha upesi. Yaliyofuata yalichukua miaka minne, nayo hayakuwa na ngoma wala tarumbeta.

Maana askari hawendi vitani peke yao. Nchi ya kupigania ilikuwa pana, reli zake chache, na mbung'o waliwaua farasi, punda na ng'ombe wa kukokota, hata risasi, unga, dawa na vipande vya mizinga vikawa vinakwenda juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwaandikisha kwa nguvu wafuasi wa jeshi, na mwaka 1917 John Ainsworth, ambaye alikuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, akakabidhiwa kazi ya kukusanya watu kwa wingi usiopata kuonekana kabla yake. Na Nyanza, jimbo alilolifahamu vema, ikawa miongoni mwa majimbo yaliyotoa watu wengi mno. Walichukuliwa vijana waliokuwa wakichunga, wakipalilia na kuvua, wakatwikwa mizigo ya pauni 50 au 60, wakalishwa unga ambao matumbo yao hayakuuzoea na ambao mara nyingi haukuiva, wakafa kwa kuhara damu, kwa homa na kwa kichomi kuliko walivyokufa kwa risasi. Hesabu rasmi za wapagazi waliokufa upande wa Waingereza zilipita 40,000, na mishahara ya wengi katika hao haikuwafikia warithi wao. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukakifanya Kariakoo, na jina hilo limebaki katika soko la Dar es Salaam na katika mtaa mmoja wa Nairobi, ambamo watu hununua ndizi na samaki pasipo kukumbuka kwamba wanataja jeshi la watu waliobeba.

Serikali iliwakumbuka kwa shaba. Mwaka 1928 ilisimamishwa Nairobi, katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi; mwaka mmoja kabla yake ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya askari peke yake, ameinamia mbele kana kwamba anashambulia, na bunduki yake yenye singe imeelekea bandarini. Zote mbili ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Askari wa Dar es Salaam nimemzunguka zaidi ya mara moja, na kila nikimtazama huwaza jinsi mchongaji wa mti atakavyotikisa kichwa mbele yake, kwa kuwa mkao ule ni wa madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, ambayo hayajui mbele wala nyuma, wala hayana nyuzi. Mkono hunyoshwa, goti hukunjwa, mtutu ukatoka dhiraa nzima nje ya mwili, na shaba haioni tofauti. Mti huiona. Kitu chembamba kilichochongwa kukatiza nyuzi zake hakina wa kukishikilia, na siku yake ya kuvunjika ni siku ile mtoto atakapokiangusha, au mgeni atakapokigeuza mkononi ili akitazame vizuri.

Hapo ndipo inapofaa kumtaja Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, ambaye jina lake halikosi katika habari za uchongaji wa Kenya. Alikwenda katika vita vile vya kwanza, akafika Tanganyika, na inasimuliwa kwamba alipokuwa katika nchi ya Wazaramo, karibu na Dar es Salaam, aliwaona mafundi wakichonga sura za watu kwa mti mweusi, akawatazama kwa makini, na aliporudi kwao baada ya vita akaianza kazi hiyo, akawafundisha jamaa zake, hata Wamunyu ikawa kijiji cha wachongaji na Ukamba ukajulikana duniani kwa vinyago vyake. Mwaka 1963 wachongaji Wakamba waliohamia Mombasa walijiunga katika ushirika wao wa Changamwe. Basi kazi hii ya kuchonga sura za watu kwa ajili ya kuuza, kama tuijuavyo Kenya, ni mtoto wa vita vya Kariakoo. Imezaliwa njiani, katika safari ya mtu aliyepelekwa asikotaka kwenda, na katika vitu vyake vya mapema na vya kudumu ni mtu mrefu aliyesimama wima, mwenye mkuki au mwenye bunduki.

Huku kwetu ziwani hapakuwa na desturi kama hiyo. Mti ulichongwa, tena kwa ustadi mkubwa, lakini ulichongwa ukawa kitu cha kutumia: kigoda cha mzee kilichotolewa kwa gogo moja pamoja na miguu yake yote, bakuli la nyatiti, chombo cha nyuzi 8 ambacho mwimbaji hukipiga akiwa ameketi karibu na ardhi, mipini ya majembe, michi na vinu, na mashua za wavuvi. Wakuria walio upande wa juu wa Migori nao wana vigoda vizito vya gogo moja, na zeze lao kubwa, iritungu, ambalo sauti yake nzito husikika mbali. Anayejua kutoa kigoda ndani ya gogo bila kuunga tayari anajua siri kubwa ya sanamu, ambayo ni kuona kilichomo kabla hakijatoka, na ndiyo sababu wachongaji wachache wa sura za watu niliowakuta huku karibu wote walianza na vigoda.

Wala nchi hii haikuwa bila wapiganaji kabla ya Keya. Thimlich Ohinga, kule Migori, ni ngome ya mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, iliyojengwa zaidi ya miaka 500 iliyopita na kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Watu hawajengi kuta za kumshinda mtu kimo ila kwa kumhofu mtu au mnyama. Lakini kumbukumbu ya mpiganaji mwenyewe ilihifadhiwa kwa miili ya walio hai: afapo mzee wa Kijaluo, wanaume hutwaa mikuki, ngao na marungu, wakaswaga ng'ombe hadi mpakani, wakapigana na adui asiyeonekana, ambaye ni mauti, kisha wakarudi wakiimba, na mila hiyo huitwa tero buru. Mchongaji aliyekulia kwenye matanga ya namna hiyo hana haja ya kuonyeshwa picha ya shujaa wa kale. Anajua bega lipi hutangulia, anajua ngao, kuot, hukaa wapi juu ya mkono, na anajua uzito wa kofia ya meno ya kiboko juu ya paji la uso.

Mzee niliyejifunza kwake zaidi alikuwa na karakana yake ya mabati kwenye njia ya Rodi Kopany, pale ambapo magari yatokayo Rongo hupunguza mwendo kabla ya kuelekea Homa Bay. Siku ya kwanza nilimkuta na askari wawili juu ya benchi. Nilimwamkia, nikaomba idhini, nikamtwaa mmoja, askari mwenye tarbushi aliyelaza bunduki begani, mtutu wake ukichomoza nyuma ya kichwa kama pembe. Nikamgeuza ili nione alivyochongwa mgongoni, na mtutu ukakatika kwa sauti ndogo kama ya njugu inapobanjwa. Nilijawa na haya nisijue la kusema. Mzee alikichukua kile kipande, akakitazama mahali pa kuvunjikia, akanionyesha kwa ukucha wa kidole gumba.

"Nyathina," yaani mwanangu, akasema, "si mkono wako. Tazama uzi unavyokwenda."

Nikatazama. Mwilini mwa askari nyuzi zilitoka kichwani zikashuka hadi unyayoni, zimenyoka kama mvua isiyo na upepo. Lakini kwa kuwa bunduki ililala kukingama na mwili, nyuzi zilezile zilikatiza mtutu kwa upana, fupifupi, hata kila uzi ulikuwa na urefu usiozidi unene wa penseli. Ni kama kufunga mzigo kwa kamba iliyokatwa vipande. Askari yule, akaniambia, mnunuzi mmoja alimtaka awe wa gogo moja kila kitu, kwa kudhani kwamba cha gogo moja ndicho imara; yeye mwenyewe bunduki huichonga mbali, kwa kijiti cha powo, mti ambao Wajaluo wameupenda kwa fimbo kwa sababu hupinda usivunjike, kisha huipitisha katika tundu la kiganja. Ndivyo Wakamba wafanyavyo mkuki wa Mmasai wao: mwili mti mmoja, silaha mti mwingine.

Nilipomwuliza habari za miti, hakuanza na mti ulio mzuri. Alianza na mti uliopo. Mpingo na muhugu, ambayo wachongaji wa Ukambani waliiandama mpaka ikawaadimikia, si miti ya kutegemewa huku. Hata huko kwao, tangu miaka ya 1990, wamehimizwa kuchonga mwarobaini, mwembe na jakaranda ili misitu ipumue. Huku mti wa kila siku ni siala, unaopandwa mipakani mwa mashamba na kuzunguka boma, mweupe wenye manjano kidogo, mwepesi kukatika kwa tezo, usioliwa na mchwa upesi. Ubaya wake ni kwamba haungojwi unenepe, kwa kuwa nguzo ya nyumba, mpini na fedha ya karo huuhitaji ungali mchanga. Ober ni mti wa shani, ndani yake una wekundu wa udongo uliochomwa, na askari wa ober hahitaji rangi. Lakini ni mgumu, huzima makali ya patasi, na ober mkubwa aliyesimama leo aghalabu amesimama kwa kuwa yumo katika boma la mtu asiyekubali kumwuza. Othoo ni mgumu vilevile, mti wa michi na mipini, na mzee huutumia kwa vitu vidogo visivyotakiwa kuvunjika. Mkuyu, ambao Wajaluo huuita ng'owo, ni mwepesi na mkubwa, unafaa chombo chenye tumbo, lakini haushiki alama ndogo. Mchongee askari vifungo vya kanzu yake, na kesho vimefutika.

Zana zake zilikuwa chache kuliko nilivyodhani. Shoka la kuangushia na la kupasulia, msumeno wa kukatia urefu, tezo mbili, kubwa ya kutolea umbo na ndogo ya kufuatishia mashavu na mabega, zote mbili zimefuliwa kwa chuma cha springi ya lori na fundi wa chuma wa hapohapo sokoni, patasi tatu, ya upana wa inchi moja, ya nusu na ya robo, bobari moja ya kuchimbia mikunjo ya nguo na uwazi wa sikio, kisu kifupi, ambacho mpini wake umelika kwa kidole mpaka ukafanya kishimo, tupa, na spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha, ya kutobolea tundu la kiganja. Kinoo chake ni jiwe lililotoka ziwani. Aliniambia kwamba sehemu kubwa ya askari, kichwa, mikono, miguu na mkao wake, hutoka kwa tezo, na kwamba vijana humaliza fedha zao kwa patasi nyingi kwa kuwa wanaogopa tezo, ambayo inamtaka mtu aamini mkono wake kabla ya jicho lake. Nilimwona akiitumia. Alishika gogo kwa unyayo wa kushoto, akaishusha tezo karibu kabisa na vidole vya mguu, pigo la kwanza likaingia, la pili likaokota kibanzi kizima kama ganda la yai, na katika muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai mti ukawa na mabega.

Sasa nije kwenye vipimo, ambavyo ndivyo vilivyonileta katika maandishi haya. Askari wa mzee yule alikuwa wa futi moja, yaani inchi 12 toka unyayoni hadi juu ya kofia, ambayo ni kama sehemu moja kwa sita ya mtu wa kweli. Upana wa mabega ya mtu ni takriban robo ya kimo chake, kwa hiyo mabega ya sanamu yanataka inchi 3. Kifua na mgongo, pamoja na nguo, vinataka inchi 2. Hao ni mtu na nguo zake tu. Akishika bunduki wima ubavuni, kitako chake chini, upana unakuwa inchi 4 na kina inchi 3. Akipiga saluti, kiwiko hutoka nje na upana hukaribia inchi 5. Akilaza bunduki begani, kina huzidi inchi 4, hata akiwa amesimama tuli. Na kwa kipimo hicho cha moja kwa sita, Lee-Enfield fupi, ambayo urefu wake ni mita 1.13, inakuwa zaidi ya inchi 7, kwa hiyo askari wa kushambulia kama yule wa Dar es Salaam anadai gogo ambalo mtu angeweza kulichimba kinu.

Tena gogo halitumiki lote. Katikati yake kuna kiini, ule mstari laini ambao mti ulianzia, na mti unapokauka hupasuka toka nje kuelekea kwenye kiini hicho, kwa kuwa mzunguko wa nje hutaka kupungua kuliko wa ndani unavyoweza kuuruhusu. Askari aliyechongwa na kiini tumboni hupasuka kifuani kabla ya mwaka kwisha, na hakuna gundi itakayomrudisha. Kwa sababu hiyo fundi hulipasua gogo kwanza, akakitupa kiini, akapaka nta katika ncha mbili ili maji yasitoke kwa pupa, akazifukia sehemu hizo katika vumbi la mbao kivulini. Alichonga sanamu zikiwa bado na ubichi kidogo, wakati mti unakatika kama jibini, kisha akaziacha zikauke taratibu akazimaliza kwa tupa na msasa.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu pamoja naye. Siala ya unene wa inchi 9 ndani ya gome, ambayo ni siala ya kujivunia siku hizi, ikipasuliwa mara mbili inatoa askari wawili wenye bunduki wima ubavuni. Wa saluti hatoki kwa raha. Wa bunduki begani anatoka kwa kuungwa. Ndipo nikauliza, pasipo kufikiri sana, je, mpagazi? Mzee akalitwaa gogo, akalichora alama ya msalaba kwenye ncha kwa makaa, na nikaona jibu kabla hajasema. Mpagazi habebi kitu kando yake. Mzigo wake uko juu ya kichwa, hauzidi mabega. Mkono anaoushikilia umepanda wima kando ya sikio, katika njia ileile ya nyuzi. Mguu wake umenyoka kwa uzito. Anataka inchi 3 kwa 2, na robo ya gogo lile inamtosha. Anachodai zaidi ni urefu, inchi 3 nyingine za sanduku, na urefu ndicho kitu ambacho siala nyembamba za mipakani zinacho kwa wingi. Askari wawili, au wapagazi 4, katika gogo moja. Na katika wapagazi hao 4 hakuna hata kiungo kimoja kinachokatiza nyuzi.

Sikupata kuisoma hesabu hiyo katika kitabu chochote cha vita wala cha sanaa, nayo imekaa nami tangu siku ile. Niliyaona tena magogo yote ya askari niliyopata kuyaona, na mikao yao ikanieleweka upya: kile tunachokidhani kuwa ni adabu ya kijeshi, mikono iliyogandama mapajani, kidevu kilichoingia ndani, miguu iliyobanana, kwa sehemu kubwa ni adabu ya gogo. Hata kofia imechaguliwa na mti. Askari wa Keya waliokwenda Burma mwaka 1944 walivaa kofia ya ukingo mpana, na ukingo huo, ukichongwa mwembamba kama ulivyokuwa, ni duara la nyuzi fupi linalomomonyoka mbele na nyuma, kwa hiyo fundi huuacha mnene, na askari akaonekana kama aliyejitwika sinia. Lakini tarbushi ni mcheduara mdogo, kipande cha gogo kilichobaki kama kilivyokuwa, nayo haivunjiki kamwe. Ndiyo maana katika mti askari wa tarbushi ameishi kuliko wa Burma, ingawa mababu wa Burma tuliwajua kwa nyuso zao na kuwasikia wakisimulia.

Mpagazi alistahili kuchongwa kuliko wote hao. Nasema hivyo kwa uzito wote. Katika boma za Karachuonyo, za Gwassi, za Kanyamkago na za Nyatike, ambako mtu mmoja alirudi na silaha, wengi hawakurudi kabisa, na hawana kaburi linalojulikana. Na katika nchi ambayo mtu asiyezikwa kwao ni jeraha lisilofunga, mti wa mpakani wenyewe unawakubali katika umbo lao bila kuungwa na bila kuvunjika, lakini wanunuzi hupita wakauliza bei ya bunduki.

Mzee alinichongea mmoja. Nilirudi baada ya wiki tatu nikamkuta amekwisha kutoka katika robo yake: mkono juu, sanduku kichwani, shingo imeingia kidogo baina ya mabega kama ingiavyo shingo ya mtu aliyebeba toka asubuhi. Shingoni alikuwa amemtia kamba, na kwenye kamba kikopo kidogo cha kipande, ile hati ya kuandikishwa ya wakoloni. Nikamwambia kwa adabu, "Jaduong', hapa pana kosa la tarehe, kipande kilianza kuvaliwa shingoni vita vilipokwisha, mwaka 1919 na 1920, nao hawa walikuwa hawajavishwa." Aliitwaa patasi ya robo inchi, akaiweka chini ya kikopo kana kwamba anataka kukiondoa, akasita.

"Aliyerudi, walimvisha?" akauliza.

Nikakiri kwamba walimvisha.

"Basi huyu amerudi," akasema, akairudisha patasi mahali pake, akachukua msasa, akaendelea kusugua sanduku taratibu kwa kufuata uzi wa mti, huku robo tatu zilizosalia za lile gogo zikiwa zimelala chini ya benchi, ncha zake zimepakwa nta.